Ogani ya Gregg Allman kwenye kinanda cha kwaya: kwa nini chako kinalia kama king'ora

*Swali: Napiga kinanda kwaya ya kanisani, na nyumbani nasikiliza sana Southern Blood, albamu ya mwisho ya Gregg Allman, yule mwimbaji na mpiga ogani wa Marekani. Ogani ya mle ndani inakaa chini ya sauti yake, inavuta pumzi, inapanda, inashuka. Kinanda changu ni cha funguo 61 na kina sauti chungu nzima, ogani peke yake ziko kama nane. Nikichagua ile ya roki inalia kama king'ora cha gari la wagonjwa. Nikichagua ya kanisani inakuwa ya msibani. Nakosea wapi? Au ninunue kinanda kingine?*

Usinunue kwanza, ndugu yangu. Hiyo sauti huwezi kuipata kwa kubonyeza namba moja, hata kwenye kinanda cha bei mbaya. Inatokana na mashine inayotengeneza sauti, spika inayozunguka, na mguu wa kulia usiotulia. Kiwanda kilichotengeneza sauti yako ya roki kimekuwekea mashine ikiwa imefunguliwa yote na spika ikizunguka kwa kasi ya mwisho tangu noti ya kwanza. Ndiyo maana unasikia king'ora.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fahamu albamu yenyewe ilitengenezwaje, maana mengi ya kuiga yako humo. Southern Blood ilirekodiwa Machi 2016 katika studio za FAME, Muscle Shoals, jimbo la Alabama, prodyuza akiwa Don Was. Ilitoka Septemba 2017, Allman akiwa ameshafariki tarehe 27 Mei mwaka huo, akiwa na miaka 69. Hawakukodi mafundi wa studio wasiojuana. Walipiga watu wa bendi yake ya safari: Scott Sharrard kwenye gitaa na uongozi wa muziki, Peter Levin kwenye vinanda, Ron Johnson besi, Steve Potts dramu, pamoja na wapuliza saksafoni na tarumbeta. Allman alikuwa amepandikizwa ini mwaka 2010 na ugonjwa ulikuwa umemrudia, kwa hiyo nguvu za kuimba kwa siku zilikuwa na kiasi chake. Bendi nzima inapiga kuizunguka sauti isiyopaswa kushindana na kitu. Ukiweka ogani ya kupiga kelele hapo, umeharibu wimbo.

Na mahali penyewe si pa kubahatisha. Kaka yake, Duane Allman, alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa hapo hapo FAME mwaka 1968, kabla ndugu hao hawajaunda The Allman Brothers Band mwaka 1969. Wimbo wa Out of Left Field uliomo kwenye albamu uliandikwa na Dan Penn na Spooner Oldham, na Oldham alikuwa mpiga vinanda wa studio hiyo miaka ya 1960. Watu wengi wakisikia "roki ya Kusini" (kusini mwa Marekani) hufikiria magitaa matatu yanayogombana. Msingi wa muziki wa Allman ni bluzi, soul na muziki wa kanisa, kwa hiyo mpiga kinanda wa kwaya ana mtaji kuliko anavyodhani.

Sasa mashine. Ogani ambayo Allman alijulikana nayo ni Hammond B-3. Ndani yake kuna vigurudumu 91 vya chuma vyenye meno, vyote vinazungushwa na mota moja, kila kimoja kikipita mbele ya sumaku yenye koili. Kila kigurudumu kinatoa mlio mmoja laini sana, karibu kama filimbi. Mpigaji ndiye anayechanganya milio hiyo kwa vijiti tisa vya kuvuta, kila kijiti kikiwa na ngazi 0 hadi 8. Huandikwa kama namba tisa zilizogawanywa mbili, nne, tatu: 88 8000 000.

Kwa mtu aliyezoea sol-fa, vijiti hivyo havina fumbo. Ukibonyeza do, kijiti cha tatu (futi 8) ndicho do yako hasa. Cha kwanza (futi 16) ni do ya oktevu moja chini. Cha pili ni so iliyo juu kidogo ya do yako. Cha nne ni do ya oktevu ya juu, cha tano so yake, cha sita do ya juu zaidi, cha saba mi, cha nane so, cha tisa do ya juu kabisa. Vile vya kulia ndivyo vinavyokata masikio. Sauti yako ya roki karibu kila mara imevivuta vyote, 88 8888 888, ambayo kwenye Hammond halisi ni ya dakika ya kilele, nayo hurudishwa upesi.

Kwa beti, anza na 84 8000 000. Ikifunika sauti ya mwimbaji, rudisha kijiti cha kwanza hadi 5 au 4, kwa sababu hicho ndicho kinachokaa eneo moja na besi na kifua cha mwanamume anayeimba chini. Kiitikio kikifika, vuta cha pili na cha nne polepole: 86 8600 000, kisha 88 8800 000. Polepole maana yake vuta huku noti imeshikiliwa, msikilizaji asikie sauti inafunguka. Kile kijiti cha tisa kiguse kwenye ubeti wa mwisho tu, kwa 2 au 3, kama chumvi.

Kama kinanda chako hakina vijiti, tafuta ile ogani isiyo na mbwembwe, mara nyingi imeitwa ya jazi. Uzime ule mlio wa kugonga unaosikika mwanzo wa noti, kama kinanda kinaruhusu. Mlio huo una kazi yake kwenye solo za haraka, ila chini ya wimbo wa taratibu kila noti itasikika kama mtu anagonga mlango. Halafu punguza treble. Spika ya Hammond haina mng'aro wa juu kabisa, wakati kinanda cha kisasa kinatoa kila kitu hadi mwisho.

Kosa linalofuata wengi hawalioni kwa sababu liko kwenye menyu: mguso. Kinanda chako kinaongeza sauti unapobonyeza kwa nguvu. Hammond haijui nguvu ya kidole. Ubonyeze taratibu au kwa hasira, sauti ni ile ile. Zima mwitikio wa mguso kabisa. Dakika tano za kwanza utajisikia umefungwa mikono, na hiyo ni dalili njema, kwa sababu kazi ya sauti kubwa na ndogo inahamia mguuni. Pia ondoa mguu kwenye pedali ya kushikilia noti. Ogani haina hiyo. Ukiachia ufunguo, sauti inakatika hapo hapo, kwa hiyo kuunganisha noti ni kazi ya vidole: kidole kimoja kinaingia juu ya ufunguo kabla kingine hakijatoka. Wapiga piano waliozoea kuficha mapengo kwa pedali huumbuka hapa.

Tuje kwenye spika, maana ndiko kuliko na ile pumzi uliyoisema. Sauti ya Hammond hutoka kupitia Leslie, kabati la mbao lenye amplifaya ya taa (ya zamani, yenye vioo vinavyowaka ndani) na vitu viwili vinavyozunguka: juu kuna pembe inayobeba sauti za juu, chini kuna pipa linalozungusha sauti za besi. Mgawanyo uko kwenye hezi 800, yaani mitetemo 800 kwa sekunde. Pembe inapokugeukia sauti inakuwa kali na kupanda kidogo, inapokupa mgongo inafifia na kushuka. Kuna kasi mbili. Ya taratibu ni mizunguko 40 hadi 50 kwa dakika, haifiki mmoja kwa sekunde. Ya haraka inakaribia 400, yaani sita hadi saba kwa sekunde.

Siri iko katikati ya kasi hizo mbili. Ukigeuza swichi, pembe ni nyepesi, inafika kasi yake kwa muda wa kama sekunde moja. Pipa ni zito, linahitaji sekunde nne au tano. Katika muda huo juu kumeshachangamka na chini bado kunajikongoja, na ukirudisha swichi pembe inatulia huku pipa likiendelea kwa deni. Hapo ndipo ogani inapopumua. Kinanda cha bei nafuu kinaigiza kwa mtetemo mmoja unaobadilika papo hapo, kama taa inayowashwa. Sikiliza cha kwako: shika noti moja ya juu na moja ya chini kwa pamoja, bonyeza kitufe cha spika inayozunguka. Kama zote mbili zimebadilika sekunde ile ile, kuigiza huko hakutakufikisha, nitakueleza njia nyingine hapo chini.

Kama zinapishana, basi jifunze kuwahi. Chukua wimbo wa mapigo 70 kwa dakika, nne kwa bari. Bari moja ni sekunde 3.4 hivi. Ukigeuza swichi kwenye pigo la kwanza la kiitikio, pipa litafika kasi yake bari ya pili, kiitikio kimeshapoa. Geuza bari moja kabla, kwenye neno la mwisho la ubeti. Kuzima pia hivyo hivyo: rudisha taratibu kabla kiitikio hakijaisha, ili mwimbaji anapoanza ubeti akute pametulia. Beti zako zote ziwe kwenye kasi ya taratibu. Kwenye wimbo mzima wa dakika tano, swichi ikienda haraka mara tatu inatosha.

Ukitaka ule mkwaruzo wa amplifaya ya taa, uweke kidogo, na uuweke kabla ya mzunguko. Kwenye kabati halisi, amplifaya iko nyuma ya pembe: sauti inakwaruzwa kwanza, ndipo inazungushwa. Ukigeuza mpangilio, mkwaruzo utakandamiza vilima na mabonde yote yaliyotengenezwa na mzunguko, ubaki na mngurumo bapa. Mwangwi wa ukumbi ni wa mwisho kabisa kwenye mstari. Na ule uliokuja na kinanda uzime, ukumbi wa kanisa lenu una mwangwi wa kutosha.

Kuna jambo jingine linalowapata watu siku ya ibada. Nyumbani kwenye hedfoni ogani ni tamu, kanisani inayumba na noti nyingine zinapotea. Spika za ukumbi mara nyingi ni mono, yaani zote zinatoa sauti ile ile moja. Mzunguko wa spika ulioigizwa kwa kushoto na kulia ukichanganywa kuwa mmoja, mawimbi yanafutana. Weka kuigiza huko kwenye mono, au kama hakuna chaguo hilo, peleka waya wa upande mmoja tu kwenye miksa.

Mguu sasa. Pedali ya sauti ya Hammond haifungi hadi kimya. Ukiirudisha mwisho bado kuna ogani ndogo. Ndiyo maana sauti ile haiingii wala kutoka kwa ghafla, inakuwa kama mtu aliyekuwa chumbani muda wote. Ikiwa pedali yako inaruhusu kuweka mipaka, chini iwe 30 kati ya 127 (127 ni wazi kabisa), wala isiwe 0. Wakati wa ubeti kaa karibu na theluthi. Mwimbaji akimaliza mstari, fungua wakati anavuta hewa, na funga anapoanza neno linalofuata. Mpiga ogani mzuri wa muziki huu unamsikia kwenye mapengo ya maneno. Ukitaka kujipima, rekodi mazoezi yenu kwa simu: kama ogani inasikika zaidi wakati mtu anaimba kuliko anaponyamaza, mguu wako umeenda kinyume.

Mikono ipunguze kazi. Wa kushoto uache besi, Ron Johnson wenu yupo. Ukishuka zaidi ya oktevu moja chini ya C ya kati mkiwa na gitaa la besi, mtatengeneza tope. Mkono wa kulia jaribu hivi, katika ufunguo wowote: kidole kidogo kishike do ya juu na kisiondoke. Chini yake pigeni mi na so, kisha fa na la, kisha rudi mi na so. Ni ile "Amina" ya mwisho wa tenzi, unaijua tangu utotoni. Do haijakatika, vidole viwili tu vimetembea, mguu umefunguka kidogo kwenye fa na la na kufunga mlipovirudisha. Ukitaka harufu ya bluzi, kabla ya kwenda fa na la pitisha ta badala ya ile do ya juu, kwa pigo moja, halafu rudi. Huhitaji kodi nyingi zaidi ya hapo. (Kodi za muziki, za TRA ni mada nyingine.) Wimbo ukienda kwenye kodi ya tano, noti ya kushikilia inakuwa so, maana ndiyo iliyomo kwenye kodi zote mbili. Kanuni yenyewe ni hiyo: tafuta noti isiyohama, uishike, mengine yatembee.

Wimbo mzuri wa kusikilizia ni ule wa kufunga albamu, Song for Adam wa Jackson Browne, ambaye mwenyewe anaimba sauti ya pili humo. Allman anafika mwishoni, hisia zinamzidi, mistari haimalizi, na waliotengeneza albamu wakaiacha hivyo hivyo. Sikiliza bendi inafanya nini pale maneno yanapokosekana. Mpigaji wa kinanda asiye na subira angejaza pengo lile kwa mbio za vidole.

Kama kinanda chako kimeshindwa lile jaribio la noti mbili, kitumie kama funguo tu, sauti itoke kwenye kompyuta. Vinanda vingi vya funguo 61 vina tundu la USB linalotuma MIDI, yaani taarifa za funguo unazobonyeza, bila sauti yenyewe. Ipo programu ya bure iitwayo setBfree inayoigiza vigurudumu, vijiti na Leslie yenye pembe na pipa vinavyopishana. Kikwazo huwa ni kuchelewa: unabonyeza, sauti inakuja baadaye, na mpiga dramu anakulaumu. Weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 128 kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, utachelewa chini ya milisekunde 3 upande huo. Ikikwaruza, panda 256, ambayo ni zaidi kidogo ya 5. Ikifika 512, yaani karibu 11, vidole vinaanza kugombana na masikio. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti haraka), ile ya kawaida ya mfumo ni nzito. Pedali ya sauti ipelekwe namba 11 ya MIDI, ambayo ni ya kupandisha na kushusha hisia, namba 7 iache kwa kiwango cha jumla. Vinanda vingi vya bei ya chini vina tundu la pedali ya kushikilia noti tu, ya kuwasha na kuzima. Hiyo ifundishe programu iwe swichi ya kasi ya Leslie, na kwa sauti tumia gurudumu la modulesheni lililo kushoto mwa kinanda (siyo lile la kukunja noti) ikiwa lipo, mkono wa kushoto si una nafasi?

Siku ukiamua kununua, dukani angalia mambo machache. Tundu la pedali ya sauti, mbali na lile la kushikilia. Vijiti tisa vya kuvuta vya kushikika, visiwe picha kwenye skrini. Funguo nyepesi: za uzito wa piano zitakuumiza kiganja ukijaribu kuteleza juu yake, na mtelezo wa kiganja ni nusu ya lugha ya ogani. Kisha fanya lile jaribio la noti mbili mbele ya muuzaji.

Na ukiuziwa Hammond halisi ya zamani iliyotoka Marekani, tulia kwanza. Uzito wake pamoja na benchi na pedali za miguu unakaribia kilo 190, lakini hilo ni tatizo la wabebaji. Tatizo lako ni umeme. Mota yake inafuata mapigo ya umeme, na ya Marekani ni hezi 60 wakati yetu ni 50. Transfoma inashusha volti kutoka 240 hadi 120, haigusi hezi. Ogani itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, na kila noti itashuka kwa takriban nusu-toni tatu: utabonyeza C, utasikia A. Inahitaji kifaa cha kubadilisha mapigo, au mashine iliyotengenezwa kwa hezi 50. Kwa sababu hiyo hiyo usiiwashe kwa jenereta dogo lisilotulia, kwaya itapanda na kushuka pamoja na petroli. Inawashwa kwa swichi mbili: shika ya kuanzishia sekunde 8, bila kuiachia washa ya kuendeshea, ngoja nyingine 4, ndipo uachie ya kwanza. Mafuta yake maalumu huwekwa mara moja kwa mwaka. Ya cherehani hayafai.